Mchoro wa Shimo la Stanley

Mwalimu Ombui alikuwa na tabia ya kutoa kazi ya nyumbani wakati kengele imeshalia na wanafunzi wameshafunga mikoba. Siku hiyo alisimama mlangoni, akaziba njia kwa tumbo lake.

"Kidato cha tatu, hakuna kutoka. Mkachore kitu cha kwenu, kitu ambacho hakuna binadamu anaweza kukiona chote akiwa amesimama mahali pamoja. Mchore kwa kipimo. Urefu, pembe, mwelekeo. Mtu asiniletee meza."

"Hata choo, mwalimu?" mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Hata choo, kama choo chenu kina kona."

Darasa likaangua kicheko. Damaris hakucheka. Alikuwa ameshajua atachora nini, na wazo lenyewe lilimsisimua ngozi, kama mtu anayechungulia mahali alipokatazwa.

Shule yao iko upande wa chini wa Migori, ule mkono wa kuelekea Muhuru Bay, ambako mashamba mengi ya tumbaku yamegeuka mashimo. Watu wanachimba dhahabu. Kaka yake, Elvis, alikuwa anachimba katika shimo la mzee mmoja anayeitwa Stanley, na mama yao, Benta, alikuwa hapo hapo nje na wanawake wengine, akiponda mawe yanayopandishwa. Damaris naye alikuwa ameponda mawe hayo tangu mkono wake ulipoweza kuinua nyundo. Lakini mdomo wa shimo hajawahi kuuona. Kuna duara la mawe yaliyopakwa chokaa kuuzunguka, na mwanamke havuki mawe hayo. Akivuka, shimo limetiwa mkosi. Wanaume wote wanapandishwa juu, kazi inasimama, na hakuna anayeshuka mpaka mbuzi achinjwe. Ndivyo walivyokuta, na hakuna aliyewahi kujaribu kuona kama ni kweli.

Kwa hivyo alitaka kulichora. Kulivuka kwa penseli, kama huwezi kulivuka kwa miguu.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na hii ndiyo iliyokuwa ikimkosesha usingizi. Mbele ya shimo la Stanley, ukielekea barabara ya lami halafu mkono wa kushoto, kuna shimo lingine la zamani. Watu wanaliita kwa Bochaberi, kwa jina la mama aliyekuwa na shamba hilo kabla ya kurudi kwao Kisii. Wachimbaji wa hapo walikuwa wameondoka zamani, mvua ikaingia, chemchemi ikaingia, na sasa limejaa maji meusi mpaka karibu na juu. Mabati yamewekwa, yameshikwa na miiba. Sasa elewa: mchimbaji haogopi jiwe sana. Jiwe likianguka linachukua mmoja au wawili. Anachoogopa ni kuchimba huko chini gizani, kidogo kidogo, mpaka siku moja atoboe ukuta wa shimo lililojaa maji. Maji hayo yakipata tundu hayabakishi mtu.

Na Elvis alikuwa ameanza kurudi nyumbani na habari moja ambayo aliisema kama mzaha. Ukuta wa mbele unatoa jasho.

"Na mko mbali na kwa Bochaberi?" mama yao alikuwa akiuliza kila akimwekea chakula.

"Tuko mbali, Mama."

"Nani amepima?"

"Stanley anasema tuko mbali."

"Stanley hashuki," Benta alisema.

Jioni hiyo Damaris alitandika karatasi ya michoro mezani, akatoa rula, bikari na protrakta iliyovunjika pembe moja. Elvis alikuwa anakula ugali na omena, vumbi jekundu bado liko masikioni.

"Elvis, niambie njia ya huko chini. Yote. Nachora."

"Unachora shimo?" Akacheka. "Sasa wewe umekuwa injinia. Haya, andika, injinia. Ukifika chini kabisa, njia inaelekea barabarani. Ile ya lami. Inaenda, inaenda, kama kutoka hapa mpaka kwa dirisha la jirani. Halafu inakata kulia."

"Inakata sana?"

Elvis akaweka omena wawili mezani, vichwa pamoja, mikia mbali, akawasogeza mpaka aliporidhika. Damaris akaweka protrakta juu yao. Mama akasema chakula si cha kuchezea, lakini naye alikuwa amesogea kuangalia.

"Halafu?"

"Halafu inaenda tena, ndefu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu hapo mwamba ulikuwa mzuri. Halafu inakata kulia tena kidogo. Hapo ndipo tuko sasa."

Damaris alichora. Barabara ya lami aliiweka upande wa juu wa karatasi, kilima upande wa kulia, kwa Bochaberi upande wa kushoto, vyote alivyovipima kwa miguu yake akitoka shuleni. Mstari wa njia ukatoka kwenye mdomo wa shimo, ukaenda kuelekea barabara, ukakata kulia, ukakata kulia tena, ukaishia chini ya kilima. Mbali na maji. Mbali kabisa. Kati ya ncha ya mstari na shimo la zamani ungeweza kuweka kiganja kizima.

"Mama, angalia."

Benta hakusoma sana, lakini karatasi hiyo aliielewa. Akashusha pumzi ndefu, akaketi. "Basi hilo jasho la ukuta ni la nini?"

"Ni kilima kinakojoa," Elvis akasema, na usiku huo wote watatu walicheka, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda.

Elvis alipiga picha mchoro kwa simu. Kesho yake akamwonyesha Stanley. Stanley akaomba atumiwe, akaitembeza simu kwa kila mtu pale juu, hata kwa muuza chai. Alikuwa na wasiwasi wake mwenyewe, mzee yule, hakuusema tu. Sasa wasiwasi ukaisha. Akaagiza watu waache kugonga ukuta wa mbele kwa hofu hofu, waende kwa nguvu. Mwalimu Ombui naye akarudisha karatasi ikiwa na alama zote na maneno ya wino mwekundu: kazi safi sana. Damaris aliibandika ukutani juu ya kitanda chake.

Ilikuwa asubuhi ya siku nyingine, chai ikiwa bado mezani, Elvis alipoanza kumsimulia mama yake habari za kijana mgeni aliyetoka Homa Bay, Oliver.

"Mama, huyo jamaa! Jana tochi yake imezima. Mogire wa zamu yetu anamwambia, 'Omera, ndugu yangu, shika ukuta, kona ni kulia!' Yeye anageuka huko ndani zaidi anatafuta kulia, anagonga kichwa, pwaa! Amevimba hapa kama yai."

"Maskini. Si aliambiwa kulia?"

"Aliambiwa kulia, lakini kulia ni ya kutoka! Siku ya kwanza tu tunawafundisha. Huko chini hakuna kulia ya kuingia. Kona zote tunaziita ukiwa unatoka, uso kwa mlango. Kwani moshi ukijaa, au taa ikizima, wewe utataka kuingia ama kutoka?" Akamaliza chai, akachukua kofia yake. "Jamaa anazunguka kama yuko kanisani anatafuta kiti."

Benta akacheka. Elvis akaondoka akipiga mluzi. Damaris alibaki ameshika kikombe. Kuna kitu kilikuwa kimepita mbele yake, hakukishika. Akavaa sweta, akaenda shule.

Somo la pili lilikuwa jiometri. Mwalimu Ombui aliingia na karatasi nyembamba, ile ya kufungia mandazi, inayopitisha mwanga.

"Leo tunaakisi," akasema. "Ukitaka kuona umbo likigeuzwa kwenye mstari, usiumize kichwa. Chora, kunja juu ya mstari, fuatisha upande wa pili. Kila kilichokuwa kulia kitakuwa kushoto. Urefu haubadiliki. Pembe hazibadiliki. Kila kitu ni kilekile, na hakuna kitu kilicho mahali pake." Akaufurahia msemo wake, akaurudia.

Damaris akaangalia pembetatu iliyo ubaoni. Halafu akamwona Oliver, mtu asiyemjua, akizunguka gizani na yai kichwani.

Kona zote tunaziita ukiwa unatoka.

Yeye alikuwa amechora kama mtu anayeingia.

Hakuinua mkono. Alichukua karatasi ya mandazi, akachora kwa kumbukumbu, maana mchoro ule alikuwa anaujua kama uso wake: barabara, kilima, kwa Bochaberi, mdomo wa shimo, ule mstari wa kwanza. Kwenye mstari huo akakunja njia peke yake. Barabara ilibaki mahali pake, kilima kilibaki, maji yalibaki. Njia ndiyo iliyogeuka. Ikakata kushoto, ikakata kushoto tena, na ncha yake ikaja kukaa kando ya duara dogo aliloliandika "kwa Bochaberi". Kati ya ncha na duara hapakuwa na nafasi ya kiganja. Penseli yenyewe, ukiilaza, ilifunika vyote viwili.

"Mwalimu."

"Ee, Damaris. Umemaliza?"

"Mwalimu, ile kazi yangu. Nilikosea."

"Ile niliisahihisha mwenyewe. Ulipata zote."

"Hesabu ni sawa. Mahali si sawa." Akamwekea karatasi mbele, akamweleza kwa sauti ndogo, akiruka maneno: omena, kona, kulia ya kutoka. Mwalimu Ombui alisikiliza akiwa na tabasamu, halafu tabasamu likabaki peke yake usoni, macho yameshaondoka. Akaishika karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akamrudishia.

"Kaka yako yuko chini sasa?"

"Ameenda asubuhi."

"Mpigie."

"Huko chini simu haishiki."

Mwalimu akatoa simu yake, akaanza kumtafuta chifu. Chifu hakushika. Akapiga tena. Alipoinua kichwa kumwambia Damaris angoje, hakumkuta, na darasa zima limegeuka linaangalia mlango.

Kutoka shuleni mpaka machimboni unapita kwenye miwa. Damaris alikimbia na karatasi mkononi. Alipotoka upande wa pili alisikia jenereta, na nyundo za wanawake, na mtu akicheka, na kwa muda mfupi akafikiri labda ameogopa bure, labda kila kitu ni sawa. Akapita karibu na kwa Bochaberi. Mabati yalikuwa yamesogea kidogo. Maji yalikuwa palepale, meusi, yametulia, na katikati yake kulikuwa na mapovu madogo yakipanda moja moja, kama ya sufuria inayoanza kupata moto.

Stanley alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mawe ya chokaa. Ndani ya duara alikuwa Werema, Mkuria mkubwa wa mabega, yeye ndiye mshika kamba. Pembeni yake ilining'inia ringi ya lori. Ringi hiyo ikigongwa haraka haraka, kila aliye chini anaacha chombo na kupanda.

"Jaduong', mzee wangu," Damaris akasema, akihema, "gonga ringi. Watoe watu."

Stanley akamwangalia viatu, sweta, uso. "Nyathina, mtoto wangu, shule imefungwa leo?"

"Wanaelekea kwa Bochaberi. Wamefika. Nilichora vibaya, niligeuza. Angalia." Akamkunjulia karatasi.

Stanley hakuishika. Akatoa simu mfukoni bila haraka, akatafuta, akamgeuzia. Ulikuwa mchoro wake, msafi, mistari imenyooka. "Hii ni ya nani?"

"Yangu, lakini..."

"Mwalimu alisemaje?"

"Alinipa zote, lakini jaduong', hakujua..."

"Alikupa zote." Akamgeukia Werema. "Unasikia? Mwalimu wa hesabu amempa zote. Sasa leo, siku ambayo mwamba umetoa rangi ya dhahabu, ndiyo anataka nitoe watu. Werema, wewe ungewatoa?"

"Mimi nashika kamba tu, mzee," Werema akasema. Lakini hakucheka. "Ndoo za leo ni nzito," akaongeza polepole. "Mawe yanakuja yameloa."

"Mawe ya chini huloa!"

Upande wa wanawake nyundo zilikuwa zimenyamaza. Benta alikuwa amesimama. "Damaris? Kuna nini? Elvis ana nini?"

Damaris alimwangalia mama yake. Akaangalia karatasi ya mandazi mkononi, imelowa jasho, penseli imeanza kuchafuka. Angeweza kueleza mpaka jioni. Kila atakalosema, mzee atainua ile simu, na mchoro wa mkono wake mwenyewe Damaris ndio utakaombishia. Hapa hesabu ilikuwa imeshaaminiwa mara moja, na haikuwa na nafasi ya kuaminiwa mara ya pili.

Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho wanaume wote hawa walikiamini bila kupimiwa.

Akavua viatu. Hakujua kwa nini alivua, labda kwa heshima. Akavuka mawe ya chokaa.

"We!" Werema akapiga kelele. "We msichana, rudi!"

Hakurudi. Akapita kando ya kamba, akafika kwenye magogo yaliyolazwa juu ya mdomo wa shimo, akakanyaga gogo la katikati na kusimama hapo, miguu mitupu, giza liko chini yake. Ndipo alipoliona kwa mara ya kwanza. Lilikuwa jembamba kuliko alivyofikiri. Upepo baridi ulikuwa unapanda kutoka ndani, unampepea sketi, na una harufu ya majani yaliyooza majini.

Wanawake walipiga mayowe. Stanley aliinuka mpaka kiti kikaanguka. Werema hakumgusa, hakuna mtu angemgusa hapo. Alirukia ringi. Akaigonga kwa chuma, haraka haraka, kama mtu aliyeona nyumba yake inaungua, huku anapiga kelele shimoni kwa Kiswahili na kwa Kikuria: "Pandeni! Mwanamke yuko juu! Pandeni wote! Mkosi!"

Damaris akashuka kwenye gogo, akarudi nyuma ya mawe, akasubiri.

Walipanda mmoja mmoja, matope mpaka magotini, matope laini yenye maji. Kila aliyefika juu alimtazama halafu akatema mate pembeni. Oliver alikuja na bandeji kichwani. Mogire alikuja akitukana. Kamba ikashuka tena, ikakaa chini muda mrefu, na Damaris alishika mkono wa mama yake mpaka kucha zikaingia. Kisha kamba ikakaza. Elvis akatokea.

Hakutema mate. Alimwangalia dada yake kwa macho yaliyochoka. Alipopita karibu akasema kwa sauti ya chini, bila kusimama, "Kuna mahali tulikuwa tunasikia kama mtu anagonga upande wa pili."

"Haya, mmeona!" Stanley alikuwa anatembea huku na huku. "Benta, mtoto wako ameniua! Mbuzi mweupe, na siku nzima bila kazi, na nani atarudi chini na..."

Hakumaliza. Ardhi ilitetemeka, siyo sana, kama lori zito linapopita barabarani, ila barabarani hapakuwa na lori. Upepo ukatoka kwenye mdomo wa shimo kwa nguvu, ukarusha kofia ya Werema, ukarusha vumbi. Halafu sauti. Ilikuwa inapanda, nzito, kama ng'ombe wengi wanasukumana kwenye zizi dogo. Kamba iliyokuwa imening'inia ndani ikavutwa, ikacheza, ikalegea. Baada ya hapo jenereta peke yake.

Mwanamke mmoja aliyekuwa amekimbilia kwa Bochaberi alirudi akitembea, mikono kichwani. "Maji yameenda," akasema. "Yameshuka yote. Naona ukuta."

Oliver alikaa chini palepale. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Damaris akavuta pumzi ikafika mwisho. Kaka yake alikuwa amesimama juani, mzima, matope yanaanza kumkaukia miguuni. Alitaka kucheka. Alifungua mdomo awaambie: mnaona, ilikuwa imegeuka tu, sikujua kona mnaziita mkiwa mnatoka.

Mogire alimtangulia. Alikuwa anaangalia magogo, mahali pale palipobaki alama ya unyayo mdogo.

"Amekanyaga," akasema taratibu, "na maji yamekuja."

Wengine wakageuka. Damaris aliyaona maneno hayo yakipita usoni mwa mmoja hadi mwingine. Hata Werema. Hata wanawake aliokuwa akiponda nao mawe toka utotoni, waliokuwa wakimwita mama mdogo kwa utani, walikuwa wamesogea nyuma kidogo, wameacha nafasi kati yao na Benta. Walikuwa wamechimba muda wote huo, na shimo halikuwa limewahi kuingia maji. Mpaka leo.

"Sio hivyo," Damaris alianza. "Mchoro..."

"Nyamaza," Elvis akasema.

"Lakini Elvis, wewe unajua..."

"Najua. Wao hawajui, na hawataki." Alimshika mkono wa kulia, mama yao akamshika wa kushoto. Stanley alikuwa anaongea kwa simu, mgongo umegeuzwa, na Mogire alikuwa ameinama kuokota koleo lake, ingawa leo hapakuwa na kazi tena. Mwingine naye akaokota lake.

"Tunaenda nyumbani," Elvis alisema, midomo haichezi. "Mtembee. Mama, polepole. Damaris, usikimbie. Ukikimbia, watatufuata."

Wakatembea. Damaris alikuwa amesahau viatu vyake kwenye mawe, hakurudi kuvichukua. Walipoingia kwenye miwa, majani yakajifunga nyuma yao, na kwa hatua chache kulikuwa na ukimya mzuri. Kisha huko nyuma miwa ikaanza kuvunjika, upande wa kulia, na baadaye kidogo upande wa kushoto pia.